Amegoma au Amechoka

Mkondo ulikuwa umembana samaki kwenye wavu wa nyuma wa bomba la kioo, mkia ukipepea taratibu. Alitolewa kilindini kusikofika jua, na nyama yake ilikuwa teketeke kama uji uliopoa.

"Amegoma au amechoka?" aliuliza fundi wa maabara, mkono ukiwa tayari kwenye swichi.

Ndilo swali la kila jaribio la kupima kasi ya kuogelea. Aliyechoka aliingia kwenye matokeo. Aliyegoma alipigwa shoti ndogo ya umeme, na akizidi ukaidi aliondolewa. Mtafiti ndiye aliyekata shauri, na kwa kawaida hakusita. Wageni wakicheka kwamba samaki wake ni wavivu, aliwakosoa: gizani hakuna anayemwona kwa mbali amfukuze, basi misuli ya mbio angeipeleka wapi? Tusimwite mvivu, alisema, na wageni walipenda maneno hayo.

"Mzee, nimpige shoti?"

"Usimguse. Zima maji."

"Hata kasi ya pili hatujafika."

"Zima, tafadhali."

Mganga hajigangi, na huyu bingwa wa misuli hakuiona misuli dhaifu iliyokuwa ikila naye meza moja. Tangu mwaka jana binti yake alikuwa akibaki nyuma kwenye ngazi za nyumbani, naye akasema ni uvivu. Akambandika jina la Kinyonga, nyumba nzima ikacheka, hata mtoto mwenyewe. Lifti ya jengo lao ilipoharibika akaona ngazi zitamfunza bidii: mtoto akiketi njiani, alirudishwa chini aanze upya. Mama mtu akilalamika, aliambiwa anamdekeza. Wiki iliyopita daktari wa watoto aliwaeleza kwamba misuli ya binti ilikuwa ikinyauka tangu kitambo, na kulazimishwa kulizidi kumuumiza.

"Hamkuona dalili?" aliuliza daktari, bila ubaya wowote.

Mtafiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe hakumtazama, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Siku hiyo ya kuzima maji aliondoka kazini mapema, akamfuata binti shuleni. Kwenye ngazi za nyumbani mtoto alishika chuma cha kando, akapanda kidogo, akasimama huku magoti yakitetemeka. Baba akachutama mbele yake.

"Panda mgongoni, mama."

"Naweza, baba. Usinirudishe chini."

"Sikurudishi. Sitakurudisha tena."

Mtoto alimtazama kwa mashaka, kama anayepewa zawadi asiyoijua bei yake, kisha akamkumbatia shingoni. Alikuwa mwepesi mno. Walipanda mpaka mlangoni, baba akihema, jasho likimtiririka hadi kwenye mikono midogo iliyomshika.

"Samahani, baba," mtoto alimnong'oneza. "Kesho nitajitahidi."

Aliyasema hayo kwa wepesi, kama salamu, maana baba yake ndiye aliyemzoesha kuomba radhi kila aliposhindwa. Baba alisimama na funguo mkononi. Asingeweza kufungua bila kumshusha, na kumshusha hakutaka.