Glisarini ya Mama Povu

Jumamosi, tarehe tisa ya mwezi wa sita. Manyunyu yalianza kabla hapajapambazuka, na ubaridi wake uliwafanya watu wajikunyate na vikombe vya chai mikononi. Mama Povu alikwisha kusali, akashukuru kwa uhai na kwa mikono yenye nguvu, na sasa alisimama mbele ya rafu ya banda lake la sabuni, akiutazama mtungi wa kioo asiamini macho yake. Jana ulikuwa umejaa hadi shingoni. Leo ulikuwa umeshuka hadi kiunoni.

Mtungi ule ulikuwa na glisarini aliyoipata mwenyewe. Miaka mingi alikuwa amepika sabuni ya mafuta ya nazi, na maji mazito yaliyobaki chini ya sufuria akayamwaga mtaroni. Kisha, akiwa tayari na wajukuu, akajiandikisha masomo ya jioni, na huko akafundishwa kwamba alikuwa akimwaga mali. Akatia chumvi, akaengua sabuni, akachemsha maji kwa moto mdogo, akachuja, akachemsha tena, mpaka akapata kitu cha rangi ya asali, chenye kuteleza kidoleni. Mwalimu aliuweka mtungi mezani, darasa zima likaja kutazama. Siku ile Mama Povu alirudi nyumbani kichwa juu. Lakini aliyevimba kwa fahari ni mumewe, fundi saa. Hakuna aliyemletea saa itengenezwe akaondoka bila kusimuliwa habari za mtungi.

“Mama,” akamwuliza mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, “nani amegusa mtungi wangu?”

“Nani mwingine? Mumeo. Amepita hapa amekumbatia kichupa kama mtoto mchanga. Nikamsalimia, hakuitika. Nikadhani yuko kwenye sala.”

“Amekipeleka wapi?”

“Kibandani kwake. Ati leo kinyozi atavuta kitu cha heshima.”

Mama Povu alichukua pochi yake, akatoka bila mwavuli.

Mumewe alikuwa amevuta sigara tangu ujana. Miaka miwili iliyopita aliziacha, akahamia sigara ya umeme, kile kijibomba kinachopasha maji mazito mpaka yawe mvuke. Maji yenyewe aliyachanganya kwa mkono wake: glisarini ya mimea kutoka duka la dawa, nikotini kidogo, tone la ladha. Vidole vilivyozoea magurudumu madogo kuliko punje ya mtama havikumwaga hata tone. Mama Povu alimshukuru Mungu kwamba moshi umeondoka nyumbani. Lakini glisarini ya duka la dawa ilikuwa jambo moja, na ile ya mtungi wake ilikuwa jambo jingine kabisa.

Kibandani, katikati ya saa zilizofunguliwa matumbo, palikuwa na vichupa vitatu kwenye kitambaa cha kijani. Kila kimoja kilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: *Kazi ya Mama Povu*. Kinyozi, jirani yao, alikaa kwenye kigoda na aproni yake yenye nywele za wateja. Alikuwa ameacha sigara wiki ile ile. Kijibomba chake, kilichojazwa muda huo, kilikuwa karibu na mdomo.

“Shemeji, shusha mkono,” akasema Mama Povu akiingia.

“Hata salamu, shemeji?”

“Salamu zipo, haziozi. Shusha mkono kwanza.”

Kinyozi akaushusha polepole. “Nimefanya nini?”

“Hujafanya bado. Ndilo ninaloshukuru.”

Fundi saa akacheka, akafuta miwani. “Msamehe, mke wangu hapendi kusifiwa. Ya duka la dawa sijui imepikwa na nani. Hii naijua hadi sufuria yake. Imetoka kwenye mafuta ya nazi, na mnazi ni mmea. Glisarini ya mimea ni ipi kama si hii? Na mwalimu wako alisema ni safi.”

Akataka kuendelea, kikohozi kikamkata. Kilikuwa kikavu, kikamkunja mpaka akashika meza.

“Wewe umeshaivuta?” akauliza Mama Povu.

“Tangu jana jioni. Inakwaruza kidogo. Kitu kipya lazima kikwaruze.”

Mama Povu akavitazama vichupa. Kusema ukweli pale ilikuwa sawa na kubandua jina lake kwenye vichupa vile mbele ya kinyozi, mtu ambaye kila kichwa cha mtaani kilipita mikononi mwake pamoja na habari zake. Kunyamaza ilikuwa kumwacha mumewe na kifua kile. Akasali kimoyomoyo: Mungu wangu, nipe maneno, usinipe hasira.

Akatoa kwenye pochi karatasi nyekundu za litmasi, zile za darasani za kupimia kemikali. Akadondosha glisarini kidogo kwenye kifuniko, akaongeza maji. “Chovya mwenyewe.”

Fundi saa akachovya. Karatasi ikageuka bluu.

“Bado ina kostiki,” akasema Mama Povu. “Ile dawa kali ya kupikia sabuni, inayotoboa glavu zangu. Ina chumvi pia, na vingine nisivyovijua, maana hatuna chombo cha kuvipima. Mwalimu alisema ni safi kwa kurudishwa kwenye sabuni. Hakusema kwa mapafu ya mume wangu.”

“Kwa hiyo nilikuwa karibu kufua mapafu,” akasema kinyozi.

“Na kuyapiga pasi.”

Mama mkwe aliingia wakati huo na mwavuli aliomletea mkwewe. Alisikiliza, akatikisa kichwa. “Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wakasahau kusema fundi saa hajui saa ya kuuliza.”

Fundi saa hakucheka. “Basi nitarudia ile ya dukani.”

“Ile ni safi kuliko hii, sikatai. Lakini imesafishwa kwa kuliwa na kupakwa. Tumbo likikataa kitu, linatapika. Pafu litakitupa wapi? Watu hawajaivuta miaka ya kutosha kumfanya mtu athubutu kusema haina madhara. Na ikipata moto kupita kiasi inatoa mvuke wa kuchoma koo, kama kikaango kilichosahauliwa jikoni.” Akanusa kichupa. “Na huu mnanaa?”

“Mafuta yake. Matone mawili, kwa ajili ya kifua.”

“Mafuta yakiingia kifuani yanaleta ugonjwa, baba. Si dawa.”

Kinyozi alitaka kumwaga nje maji ya kijibomba chake, Mama Povu akamzuia. Nikotini hupenya ngozi. Vichupa vifungwe vipelekwe duka la dawa, naye akanawe mikono. Kinyozi akaenda bombani bila mzaha wowote.

Fundi saa alibaki akitazama vichupa. “Nilitaka watu wajue,” akasema.

“Wajue nini?”

“Kwamba nina mke wa namna hii. Wenzako wanapumzika, wewe unabeba begi kwenda darasani. Nilipoivuta nilikuwa nasema moyoni, hii ni kazi yake.”

Mama Povu alikaa kwenye kigoda cha kinyozi. Hakuwa ameambiwa neno kama hilo katika ndoa yao yote. “Nami najivunia mtungi wangu,” akasema, “leo kuliko jana. Jana nilijua kuutengeneza. Leo nimejua kuukatalia kazi isiyo yake, hata jina langu likiwa juu yake. Sasa vaa koti, twende kliniki wakusikilize kifua.”

“Nitakwenda. Ahadi.”

“Ahadi ya kitini haina miguu,” akasema mama yake. “Simama, mwanangu, useme tukusikie.”

Kinyozi alirudi na mikono inayochuruzika maji, akasimama mlangoni. Fundi saa akainuka, akavua miwani, akaweka kiganja mezani kati ya saa zake.

“Mama, nisikie. Kinyozi, nisikie, na ukawaambie wateja. Kuanzia leo sivuti wala simpi mtu kitu nilichochanganya mwenyewe. Nakwenda kliniki sasa hivi na mke wangu, na hicho kijibomba nitamkabidhi daktari anionyeshe namna ya kukiacha. Na yeyote atakayeniuliza kwa nini, nitamwambia: mke wangu amesoma.”