Darasa la Jumamosi

Basi lilimshusha Uwamariya kando ya barabara kuu, Inver Grove Heights, mahali pasipokuwa na kibanda cha abiria wala njia ya waendao kwa miguu, kisha likaondoka na kumrushia tope la theluji mpaka magotini. Kutoka hapo hadi kwenye jengo la kulengea shabaha ilibidi atembee ukingoni mwa barabara akipishana na malori ya mchanga, huku upepo wa mtoni ukipenya koti alilopewa na kanisa mwaka aliofika Minnesota. Lilikuwa koti la mwanamume. Zipu yake ilikuwa imekufa zamani, naye alilifunga kwa mkanda.

Mwezi uliopita angekuja na gari lake. Gari hilo sasa lilikuwa la mtu mwingine. Aliliuza ili alipie mafunzo haya.

Wenzake waliokuwa wakisomea ukufunzi wa silaha walikuwa wameshafika na kupanga bastola zao mezani, kila mtu na yake. Yeye alikodi ya hapo hapo, na risasi akazinunua hapo hapo, kwa bei ya hapo hapo. Ian, mwalimu wao, mzungu wa makamo aliyewahi kuwa askari, alimtazama viatu.

"Basi tena?" akamwuliza.

"Basi tena."

Ian akatikisa kichwa na kumsogezea kiti karibu na hita. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza Uwamariya alipofyatua risasi, alikimbilia pipa la takataka akatapika, na Ian ndiye aliyemletea karatasi za kujipangusia. Siku ya pili hakutapika. Baada ya hapo mikono yake ilianza kutii, ikawa kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeajiriwa kufanya kazi hiyo, naye Uwamariya amesimama pembeni akimsimamia.

Kule Rutshuru, mashariki mwa Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja waasi walifika, wakaigeuza shule kambi yao. Wakapasua madawati kuwa kuni na kuegemeza bunduki zao kwenye ubao, juu ya hesabu alizokuwa amewaandikia watoto asubuhi ile. Alivuka mpaka na mumewe na mtoto mgongoni. Kambini Uganda alifundisha chini ya turubai kwa miaka mingi, na mumewe alifia huko huko, kwa homa ambayo popote penye dawa isingemwua mtu. Alipofika Marekani na binti yake Reine, aliwaonyesha watu wa ofisi ya wakimbizi diploma yake. Mama mmoja mpole aliigeuza huku na huku akamwambia kwamba hapa ingebidi arudi chuoni aanze upya. Wiki iliyofuata alipata kazi ya kuosha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, Eagan.

Hakuichukia kazi hiyo. Alichokikosa ni kusimama mbele ya watu na kuwaona wameelewa. Kuna namna uso wa mwanafunzi unavyofunguka. Hilo alikuwa halioni tena popote.

Ndipo Muriuki alipokuja kanisani kwao. Alikuwa Mkenya mwenye kampuni ya ulinzi na mafunzo ya silaha kule Richfield, mtu wa suti na sauti ya kuvuta. Baada ya ibada mchungaji alimpa nafasi azungumze.

"Mnajua wasichana wetu wanatoka shift usiku, parking ni giza," alisema. "Watu wanaibiwa magari wakiwa ndani. Mtu akitaka permit ya kubeba bastola, lazima asome kwa mkufunzi mwenye cheti. Sasa niulize: kati yenu Wakongo, nani ako na hicho cheti? Hakuna. Watu wenu wanafundishwa kwa Kizungu, wanaitikia tu yes, yes. Mimi nataka mwalimu. Mwalimu wa kweli. Wa kufundisha kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kila Jumamosi, darasa lake mwenyewe."

Uwamariya aliyasikia maneno mawili tu: darasa lake.

Jioni hiyo alimweleza Reine. Msichana alikuwa akila huku akitazama simu. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama yake huwa anazima televisheni hata bunduki za katuni zikilia.

"Ni kazi, Reine. Ni kufundisha."

"Kufundisha nini?" Reine aliuliza, safari hii kwa Kiswahili. Mama yake akainuka kuosha vyombo.

Pesa za gari hazikutosha. Akawaomba akina mama wa likelemba, kile chama chao cha kuchangiana kwa zamu, wampe zamu ya kwanza. Wakampa, kwa sababu alikuwa mwalimu, na kwa sababu walifikiri watakuwa na mtu wao.

Alifaulu mtihani mwezi wa tatu. Kanisa lilimsimamisha mbele, likampigia makofi. Muriuki alimvisha shati la bluu lenye jina la kampuni kifuani, akapiga naye picha. Wiki ile Uwamariya alikata maboksi ya nepi za wazee akachora juu yake bastola kubwa, akaandika majina ya sehemu zake kwa Kiswahili. Alipopungukiwa na neno alibuni lake, kisha akalijaribu kwa Reine kuona kama linaeleweka. Akaandaa somo la kwanza lote, ambalo halikuwa na risasi hata moja: namna ya kuishi na silaha ndani ya nyumba yenye mtoto.

Jumamosi ilifika. Hakuitwa. Akapiga simu, Muriuki akamwambia avute subira kidogo. Jumamosi nyingine ikapita, na nyingine, theluji ikayeyuka, miti ya Richfield ikachipua. Kwa kuwa sasa alitegemea mabasi, alikuwa anachelewa kazini Eagan, na msimamizi akaanza kumpunguzia saa. Akina mama wa likelemba waliendelea kumsalimia vizuri. Walimsalimia vizuri mno.

Akaenda ofisini kwa Muriuki bila kualikwa.

Kwenye viti vya kungojea aliwakuta wanaume wawili. Mmoja alikuwa Anicet, fundi wa magari anayesali kanisa la Saint Paul. Mwingine Habiyaremye, mzee wa makamo aliyefanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Wote wawili walikuwa wamevaa shati la bluu.

"Na weye pia, maman?" Anicet aliuliza.

"Na miye pia. Mulimaliza lini?"

"Novemba," alisema Anicet. "Huyu mzee alimaliza mbele yangu."

"Muriuki alikuambia darasa la Kiswahili?"

"La Samedi, kila Jumamosi," Habiyaremye alijibu, akatabasamu kwa aibu kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya kuazima.

Mlango ulifunguliwa. Muriuki alimwita Uwamariya kwanza, akamkaribisha kiti, akamwulizia hali ya mtoto. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha za watu wenye mashati ya bluu, nyingi, safu juu ya safu, na Uwamariya alijiona humo, karibu na kona.

"Monsieur Muriuki," alianza, "mulisema nitakuwa na darasa langu."

"Na utakuwa nalo, Mama Reine. Sijakataa."

"Wale wawili huko inje, na wao mulisema watakuwa na darasa. Ni darasa moja?"

Muriuki alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Sikiza. Mimi nilikupa cheti. Cheti ni chako, hakuna mtu atakunyang'anya. Wanafunzi ni kitu ingine. Wanafunzi hawaanguki kutoka mbinguni. Mtu wa permit analipa kidogo sana, anakuja siku moja, anaenda. Ukitoa kodi ya ukumbi na insurance, hubaki na kitu. Hiyo si business."

"Sasa business ni gani?"

"Ni nyinyi," alisema, kwa urahisi wa mtu anayeeleza bei ya sukari. "Wakufunzi. Mkufunzi analipa vizuri. Sasa nikuambie kitu sijaambia wale. Wewe watu wanakuamini. Niletee watu wa kusomea ukufunzi, hata mmoja wa kuanzia. Akimaliza, nakupa commission, na pia nakuweka uwe unasaidia Ian kufundisha hapo range ya shabaha. Si ulitaka kufundisha?"

"Na huyo nitakayemuleta, atafundisha nani?"

"Naye pia ataleta watu wake."

Uwamariya alitazama mikono yake. "Na kama miye nataka mali yangu niliyolipa murudishe?"

"Mama Reine." Muriuki alishusha sauti, akawa karibu kama ndugu. "Ulisaini. Na ulisomeshwa, sivyo? Ian hakukufundisha? Uliibiwa wapi? Nionyeshe mahali uliibiwa."

Alifikiri kweli, pale kitini, akipapasa kutafuta mahali penyewe. Hakukuwa na mahali pa kuweka kidole. Alipotoka, Anicet na Habiyaremye walimwinulia macho, naye akawapita akitazama zulia.

Mwezi wa tano mwenye nyumba alibandika karatasi mlangoni, ya kumtaka alipe kodi au ahame. Reine ndiye aliyeisoma, akamfasiria mama yake taratibu, kwa Kiswahili chote alichokuwa nacho.

Jumapili iliyofuata, jikoni kanisani, Uwamariya alikuwa akiosha masufuria na Uwimana. Huyu alikuwa mama wa Ntwali, mjane, anayetandika vitanda katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Mumewe alipigwa risasi kule Masisi mbele ya macho yake. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelitaja. Tangu kambini alimwita Uwamariya Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kusoma, chini ya lile turubai, akiwa mtu mzima mwenye mtoto kifuani.

"Mwalimu, ile kazi yako ya mashati ya bluu inaendelea?"

Uwamariya alisugua sufuria. Angeweza kusema neno lolote. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba Uwimana ndiye aliyeuliza.

"Inaendelea," alisema.

"Na mtu kama miye anaweza?"

"Kwa nini usiweze?"

"Mgongo umechoka na vile vitanda. Kuko mali kidogo niliweka ya kumupasulisha mama macho, kule kambini. Lakini nikipata kazi nzuri, si nitaipata tena mbio?" Uwimana alikausha mikono kwa kanga, akangoja. Uwamariya alipoendelea kusugua, akajijibu mwenyewe. "Weye ukisema ni nzuri, ni nzuri. Sina haja ya kuuliza mwingine."

Uwamariya akasema ni nzuri.

Siku ya mtihani wa shabaha ilikuwa Jumamosi. Mvua ilinyesha, na safari hii Uwamariya hakuja na basi: Muriuki aliwapitia yeye na Uwimana kwa gari lake, akawawekea nyimbo za injili njia nzima. Ndani, Ian aliwapanga watahiniwa kwenye vyumba vyao vidogo, kisha akaondoka kwenda kusimamia upande mwingine. Upande huu alimwachia Uwamariya, aliyekuwa msaidizi wake sasa. Muriuki alibaki nyuma ya kioo na kikombe cha kahawa.

Uwimana alifyatua mara moja. Mbele yake karatasi ilitetemeka, picha ya mwili wa mtu kuanzia kichwani hadi kiunoni, na tundu likatokea chini ya bega. Aliitazama. Akaiweka bastola juu ya meza vizuri kabisa, mtutu ukielekea mbele, kama alivyofundishwa, akarudi nyuma hadi mgongo ulipogusa ukuta. Kisha akateleza taratibu mpaka sakafuni.

"Mwalimu, miye siwezi," alisema. "Ni mutu yule."

"Ni karatasi, mama Ntwali."

"Ni mutu."

Uwamariya alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumwambia inuka twende zetu. Alitaka kumwambia hakuna kazi, hakuna Jumamosi, pesa ile ilikuwa ya macho ya mama yako. Nyuma yake akasikia kioo kikigongwa kwa pete, polepole. Asiyemaliza mtihani hahesabiwi, na alicholipa hakirudi. Uwimana angetoka hapo bila pesa na bila cheti, na Uwamariya bila chochote. Alijiambia kwamba heri amalize. Alishangaa jinsi alivyoliamini hilo haraka.

"Simama," alisema, kwa ile sauti ya darasani ambayo haikupandishwa kamwe na ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuikaidi.

Uwimana alisimama.

Uwamariya akasimama nyuma yake, akaichukua bastola na kumrudishia mkononi, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, akaushika mkono ule na kuuinua. Ulikuwa wa baridi na ulinukia sabuni ya hotelini. "Pumua," alimwambia sikioni. "Usitazame kichwa. Tazama hapa katikati tu. Pumua. Sasa." Bastola ikalia. "Tena." Ikalia. Waliendelea hivyo, mikono minne kwenye silaha moja, kinyume cha kanuni zote za mtihani, na nyuma ya kioo hakuna aliyegonga tena.

Ian aliporudi, alihesabu matundu kwenye karatasi, akamtazama Uwamariya, akamtazama Muriuki, akaandika.

"Hongera sana, mwalimu mpya!" Muriuki aliingia akipiga makofi. Alikuwa na shati la bluu begani, jipya, bado lina mikunjo ya kiwandani. Alimvisha Uwimana juu ya blauzi yake, akamweka ukutani, akampiga picha.

Uwamariya alipiga magoti kufagia maganda ya risasi. Ndiyo kazi ya msaidizi. Yalikuwa bado yana joto, na mengine yalikuwa yamebingiria mpaka chini ya meza, ikambidi ayatoe kwa mkono.

Viatu vya Uwimana vilikuja vikasimama kando yake. Vilikuwa vya kazi, vyeupe, vimesuguliwa vizuri kwa ajili ya siku hii.

"Mwalimu," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshatulia. Ilikuwa imeanza hata kufurahi. "Na miye darasa langu litaanza Samedi gani?"

Uwamariya aliingiza mkono chini zaidi.