Soda ya Kumrudisha Baba

Baba ni fundi cherehani, na kisukari chake tuliishi nacho kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sindano asubuhi, sindano jioni. Shangazi, dada yake, alipohamia kwetu aliifukuza sukari nyumbani kama mwizi. Hata biskuti zangu zilikwenda na maji ya chooni. Ilibakizwa soda moja tu kwenye droo ya cherehani, kwa amri ya nesi: sukari ikishuka ghafla, mpe nusu chupa, subiri dakika kumi na tano, atarudi.

Na kweli alikuwa akirudi. Kwanza jasho, kisha anaanza kubishana na pasi. Nampa soda, na dalili ya kwanza ya uhai ni tusi. "Mpumbavu wewe, umemwagia shati la mteja!" Nikisikia hivyo najua amepona.

Sasa mteja mmoja, kaja kupunguza suruali, akaona droo iko wazi na kiu anayo. Akainywa ile soda. Nikaenda dukani kununua nyingine.

"Ya mzee?" Mama Duka akauliza.

"Ya mzee."

"Na sukari yake ile? Unataka kumuua? Chukua hii mpya. Haina sukari hata punje, wanatia vitu vingine vya utamu. Ladha ileile."

"Mama, ungekuwa daktari wewe, hospitali zote zingefungwa."

"Lete chupa tupu, punguza mdomo."

Kichwa changu, kilichofaulu biolojia kwa alama nilizozitangaza mtaa mzima, kikakubali papo hapo. Mgonjwa wa sukari, soda isiyo na sukari. Nikaiweka kwenye droo, nikajiona mtoto mwema.

Jumanne, saa tano asubuhi, Baba alikuwa anashona kola. Alishajichoma sindano yake, lakini chai aliiacha nusu na mkate hakuugusa, maana mwenye shati alikuwa amemsimamia mlangoni. Nikaona mguu unakanyaga cherehani, kitambaa hakiendi. Mgongo umelowa chapachapa.

"Fundi, unashona hewa?" mwenye shati akauliza.

"Hewa... ndiyo," Baba akasema, ulimi mzito.

Nikafungua droo. Akanywa nusu, vizuri tu, akalamba midomo. Nikaikodolea macho saa ya ukutani nikisubiri tusi langu. Dakika kumi na tano zikapita. Nikampa iliyobaki, akanywa, nikasubiri tena. Nikamtania upara wake, ambao haujawahi kukosa jibu. Macho yalikuwa yanaangalia ukuta nyuma yangu. Kisha akalalia meza ya cherehani, mwili mzima ukaanza kutetemeka.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, kichwa cha Baba mapajani kwangu na Shangazi mbele, bado nilikuwa nashangaa kwa nini soda inachelewa.

Daktari alikuwa dada mdogo mwenye macho mekundu ya usingizi. Alimtundikia dripu kwanza, ndipo akauliza. "Mlimpa nini?"

"Soda. Chupa nzima."

"Ipi?"

Nilikuwa nayo mkononi, sijui hata kwa nini. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Hii haina kitu cha kumpandisha," akasema. "Ni sawa na kumpa maji."

"Lakini si ilikuwa tamu?" Shangazi akauliza.

"Tamu sana, Shangazi," nikasema. Nilikuwa nimeionja.

Daktari akataka kujua amekaa hivyo muda gani. Nikahesabu: nusu saa ya kusubiri soda, foleni ya barabarani, foleni ya mapokezi. Akaandika, hakuinua kichwa.

Baba alifumbua macho siku ya nne. Ubongo ulikaa na njaa muda mrefu, tuliambiwa. Cha kurudi kitarudi wiki hizi za mwanzo, kisiporudi ndiyo basi. Leo ni wiki ya tisa.

Mchana nilikaa kitandani kwake nikashika lile gauni la hospitali. "Mzee, hili kashona nani? Pindo linakwenda upogo kama mlevi."

Akanitazama kwa adabu, ile anayowapa wateja wapya. Akanyoosha mkono, akauweka begani kwangu, akauburuza taratibu hadi bega la pili, kama utepe wa kupimia. Akatulia, akisubiri namba ije.

Shangazi akageukia dirishani.

"Simama wima," Baba akaniambia.

Nikasimama.