Sanda Ukutani kwa Laura

Watoto wanaofungua studio za picha siku hizi wasikie haya ya Laura wa Kasongo. Akili alikuwa nayo, mikono alikuwa nayo, na bado siku ya kwanza ya kazi nusura apate jina lisilofutika.

Kitambaa cha kutundika nyuma ya anayepigwa picha alikinunua sokoni: cheupe, kipana, bila ua wala mstari. Mama yake, Marcelline, alipokiona alimwambia kwamba Waislamu wa mji huu wanawazika watu wao kwa nguo ya namna hiyo hiyo. Laura akacheka, nguo ni nguo. Akakipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikaisha, akakitundika kwenye mwanzi, akafunga vijiwe kwenye pindo kikanyooka. Taa mbili akazielekeza kwenye kitambaa, kushoto na kulia. Ya tatu ikabaki ya uso wa mtu. Kikang'aa cheupe pe, hakuna kivuli hata kimoja.

Wa kwanza kuingia alikuwa Zaina, ametoka Nyangwe kwa pikipiki na mtoto wa wiki sita mgongoni. Baba mtoto alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare, ambako simu haishiki, na hajamwona mwanawe hata siku moja. Mtu wa kumpelekea picha alikuwa anaondoka saa nane.

Zaina akatazama ukuta, akarudi nyuma hatua moja.

"Mutoto wangu iko muzima, Laura. Siwezi kumuweka mbele ya sanda."

Watu waliokaa barazani wakachungulia ndani. Mmoja akauliza kama hapa wanapiga picha za wafu pia. Laura akapiga hesabu upesi. Zaina akienda, kesho Kasongo nzima itasema studio ya sanda, na yule baba atabaki na mtoto wa kusimuliwa tu.

Hakubishana. Alijua kwamba kwenye picha kitambaa kinapata weupe wake kutoka kwa taa. Akazima zile mbili. Akafunga dirisha, akavuta kiti mbele hatua tano, mbali na ukuta. Taa ya tatu akaisogeza ubavuni, karibu kabisa na kiti, akaikingia ubao ili mwanga usifike nyuma.

"Ikaa, maman. Kama haupendi, ninafuta mbele ya macho yako."

Zaina akakaa, uso ameukunja. Laura akapiga, akamwonyesha: mtoto amefumbua macho, shavu linawaka, na nyuma yake rangi ya majivu, nzito, imetulia. Weupe haupo.

Zaina akatazama sana.

"Iko kama baba yake," akasema. Akatengeneza kilemba. "Piga ingine, na mimi ndani."

Picha zikaondoka saa nane. Lakini Marcelline hakumsifu bintiye. Alimwambia kwamba Zaina alikaa kwa ajili ya mume tu. Mwingine angegeuka mlangoni bila neno, na Laura asingejua kamwe kwa nini. Safari hii Laura hakucheka. Kesho yake asubuhi kitambaa kilikuwa kwenye kamba nje, kimetiwa rangi, kinachuruzika maji ya kijivu, na yeye anakinyoosha pembe kwa pembe kabla ya wateja kufika.