Mna Ua, Nyuki Hawaji

Sogea jamvini, mjukuu wangu, nikutege: nyumbani kwangu mna ua, nyuki hawaji. Ni kitu gani? Usikimbilie kusema waridi. Na ukishindwa usinipe mji, mji siutaki. Kiweke chini ya ulimi kama karafuu, kwanza nikupeleke Pujini kwa Bi Mwatum.

Bi Mwatum alikuwa amekaa eda. Mumewe, Mzee Masoud, alianguka kwenye mihogo yake akafa, na tangu wamzike moyo wa mkewe ulifanya ganzi, kama mkono uliolaliwa. Akiletewa uji, hunywa. Una sukari, hauna, hajui. Waliokuja kulia walilia, yeye akawatazama.

Jambo moja tu lilimfikia, nalo kwa mbali: hakuwa na pa kukaa. Kizuka, mjane aliye edani, hatakiwi kuonwa na wanaume wapitao, na uani kwake palikuwa wazi kama sokoni. Jirani yake, Abdulsamad, aling'oa makuti ya mpakani kabla ya msiba, akaanza kupandisha ukuta wa matofali.

"Makuti yanaoza, mzee!" alimwambia Masoud. "Kila mwaka tunasuka, kila mwaka tunafunga!"

"Basi tusuke," Masoud akajibu. "Una safari?"

Wakanuniana. Ukuta ulipofika magotini wakaja watu wa mambo ya kale. Nyumba hizo ziko jirani na magofu, na msingi wa saruji hapo hauchimbwi bila ruhusa. Wakapaka alama ya X nyekundu, ujenzi ukasimama. Haikupita wiki Masoud akafa. Ukuta haukupanda, makuti hayakurudi, na wageni wanaokwenda kutazama magofu wakawa wanapita na simu zao wakichungulia mpaka jikoni. Bi Mwatum akajifungia ndani. Binti yake, Asma, akawa anapikia chumbani, macho mekundu kwa moshi.

Bi Mize, mke wa Abdulsamad, alikuja na sahani ya boko boko.

"Shoga, sema neno moja tu, kwamba huna pingamizi. Ukuta upande, usitirike. Au unayaonea haya yale mawe ya magofu? Yashakufa yale, hayana habari na mtu!"

Akajiziba mdomo. Hakutaka kutaja kufa. Bi Mwatum alikula boko boko.

"Mama," Asma alisema mgeni alipoondoka, "lakini wewe unataka nini?"

Bi Mwatum aliitazama sahani. Alitafuta ndani yake kitu kinachotaka, hakukiona.

Siku ya pili yake sheha akaja na afisa wa mambo ya kale, na Abdulsamad nyuma yao. Wakasimama nje ya mlango uliorudishwa, wakatoa salamu na pole.

"Bi Mwatum," alisema afisa, "jirani yako ameomba ruhusa. Ukikubali, ombi lake tutalipeleka mbele. Ukikataa, ukuta unavunjwa. Au una lako jingine, tulisikie. Hapa mpakani pasimame nini?"

Kuku alipita juu ya ukuta, akaruka akaingia kwa Bi Mwatum, akarudi kwao.

"Yule ndiye peke yake aliyefaidika," sheha alisema, lakini hakuna aliyecheka.

Abdulsamad akakohoa. "Shemeji, mie nna jambo linanikereketa. Marehemu, jioni walipopaka ile X, alikuja akakaa juu ya ukuta huu. Nikajua kaja kunicheka. Akanitega: nyumbani kwangu mna ua, nyuki hawaji. Nikamwambia waridi, akakataa. La karatasi, akakataa. Nikampa mji, nikampa Konde na soko lake, hataki. Nikampa Wete yote. Akasema, mji sitaki Abdulsamad, nataka unijibu. Nikamgeuzia mgongo. Sasa nimjibu nani?"

Nyuma ya mlango Bi Mwatum aliweka kiganja kwenye ubao. Ulikuwa wa moto kwa jua. Akashangaa kuuhisi. Kila mwaka Masoud alikuwa akisuka makuti amekaa chini, miguu kaitandaza, Abdulsamad upande wa pili akimpokea kamba, wakitaniana kwenye vitundu mpaka adhana.

"Bi Mwatum," sheha aliuliza tena, taratibu, "pasimame nini?"

"Ua," alisema Bi Mwatum. "Ua wa makuti."