Hapana ya Kwanza

Everlyn aliijua Ufaransa kuliko watu wengi waliokwisha kufika huko, na yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Ujuzi wake wote ulitoka kwenye kitabu kidogo cha Kiingereza, kilichoandikwa kuwafunza wasafiri wadadisi mila na maisha ya Wafaransa. Mgeni mmoja alikisahau nyumbani kwa Madam Elen, Mfaransa, kule Jumeirah, Dubai, ambako Everlyn alikuwa yaya wa mtoto Ines. Madam alisoma kurasa mbili, akacheka mpaka akatokwa machozi, kisha akamwambia Everlyn akitupe. Everlyn akaitikia sawa, madam, akaenda akakitupa ndani ya mkoba wake.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Sasa, mwaka 2016, alikuwa amekisoma mara nne. Alijua kwamba Mfaransa akikualika saa mbili, ukifika saa mbili kamili umemkuta na kanga ya jikoni, kwa hiyo chelewa kidogo. Alijua kwamba mkate hauwekwi kwenye sahani, huwekwa juu ya kitambaa cha meza, na ole wako uugeuze kichwa chini. Alijua kwamba mikono yote miwili hukaa juu ya meza ikionekana, kama watu wanaocheza karata na hawaaminiani. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alipanda metro hadi Al Muraqqabat, kwenye chumba alichopanga rafiki yake Joha pamoja na wanawake wengine watano, akawasomesha masomo hayo wakiwa wamelala vitandani. Walimwita Balozi. Walimcheka sana, lakini Ijumaa asipofika walipiga simu kuuliza.

Sura aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya tatu, ya duka la mkate. Unaingia, unawasalimu wote waliomo kabla hujasema shida yako, unanunua mkate mrefu ungali moto, na kabla hujafika nyumbani unakata ncha yake unaitafuna barabarani. Kitabu kilisema wanafanya hivyo wote, hata mahakimu. Kwao Vihiga, mwanamke akionekana anatafuna huku anatembea, habari humtangulia nyumbani. Everlyn alitaka kula ncha ile. Aliitaka kwa namna isiyo na maelezo, kama watu wanavyotaka kuona bahari au theluji.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa nne, Everlyn akiwa anamlisha Ines jikoni, madam akaingia akitafuta miwani yake.

"Everlyn," akasema, "mwezi wa saba tunaenda Lyon kwa mama yangu, wiki sita. Ungependa kuja nasi?"

Moyo wa Everlyn uliruka ukagonga dari. Lakini mdomo wake ulikuwa umelelewa na mama yake, mwanamke wa adabu, na mdomo ule ukasema, "Hapana, madam, asante. Msijisumbue."

Kisha akainamisha macho, akatabasamu kidogo, akangoja kuulizwa tena.

"Ah," madam akasema. "Sawa, nakuelewa." Akafungua friji, akauliza kama siagi imebaki.

Msimlaumu Everlyn kabla hamjajitazama wenyewe. Nani kati yetu hukaribishwa chai akajibu ndiyo papo hapo? Unasema umeshiba, umekunywa ulikotoka, unapita tu. Mwenyeji anasema hata kikombe kimoja. Unasema basi, usihangaike. Mwenyeji anakasirika, anakuita mtu wa maringo, na hapo ndipo unakunywa vikombe vitatu. Anayekubali mara ya kwanza ataonekana hajala tangu jana, na anayekaribisha mara moja tu hakutaki kwake. Hayo hayakuandikwa kitabuni, kwa sababu aliyekiandika hakuwahi kufikiria kwamba yahitaji kuandikwa.

Alhamisi nzima Everlyn alikuwa njiani mwa madam. Alifuta meza iliyokwisha futwa. Alikunja nguo za safari ambazo hakuna aliyemtuma azikunje. Madam alimshukuru tu. Jioni Everlyn akamsikia akiongea na mumewe sebuleni, kwamba amempata msichana mwanafunzi huko Lyon wa kumshika Ines kiangazi chote, na Jumapili atampigia simu kumthibitishia.

Ijumaa Everlyn alifika Al Muraqqabat bila kitabu.

Joha alikuwa mtu wa Tanga, msafisha vyumba katika hoteli moja ya Deira, na hakuna aliyemzidi kwa kusikiliza habari mpaka mwisho kabla ya kucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akalala chali.

"Aki Joha, usinicheke," Everlyn akasema. "Nimemaliza kila kitu na mdomo wangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Balozi mzima! Umesoma mpaka namna ya kukata jibini, na hili hulijui? Shoga, Wafaransa hawaulizi mara mbili. Ukimwambia hapana, kwake ni hapana. Mwaka juzi nilimuuliza mgeni wa Kifaransa nimsafishie chumba, akasema hapana. Nikadhani ananionea haya. Nikamuuliza tena, nikamuuliza na mara ya tatu kwa upole kabisa. Akashuka mapokezi kunishitaki kwamba namsumbua! Msimamizi akaniambia khalas, Joha, basi, kuuliza mara moja kunatosha."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie unataka."

"Nimwambie vipi? Nimsimamie madam mbele nimwambie nipeleke Ulaya? Mama yangu akisikia atakufa."

"Mama yako yuko Vihiga, hasikii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwenzangu. Kaa hapo tujifunze."

Mafunzo yakaanza. Joha alimimina chai ya tangawizi, akanyoosha kikombe. "Balozi, chai?"

"Hapana, asante, nimetoka ku..."

Joha akainywa yeye. Akamimina cha pili. Everlyn akakikosa hicho nacho, kwa kusema asihangaike. Cha tatu alikuwa karibu kukipata, ila alitanguliza "labda kidogo tu," na Joha akasema labda haimo kwenye mtihani. Chapati mbili zilipotea kwa njia hiyo hiyo, wenzao wakishangilia kutoka vitandani. Ilipofika adhuhuri Everlyn alikuwa na njaa ya kweli, na Joha alipomwonyesha chapati ya mwisho alisema "Ndiyo!" kwa sauti iliyomshtua hata yeye.

"Inshallah utafika," Joha akasema, akampa chapati ingali na moto wake. "Lakini usipige kelele."

Jumamosi mchana kulikuwa na chakula cha familia. Bwana wa nyumba alikuwa kazini, hivyo mezani walikaa madam, Ines, na mama yake madam, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe aliyekuja Dubai siku tano kabla. Walimwita Mami. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini hakikuwa na aibu.

Everlyn alileta kuku, akageuka kurudi jikoni, ambako kila Jumamosi alikula amesimama kando ya sinki. Wiki yake ya kwanza kabisa kazini madam alimwambia akae nao, naye akasema hapana, ameshiba. Hakuulizwa tena.

"Wewe," Mami akasema, akivuta kiti. "Kaa, kula?"

"Ndiyo," Everlyn akasema.

Uma wa madam ulisimama hewani. Everlyn akakaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Mami akamuuliza kama anataka paja, akasema ndiyo. Akamuuliza kama anataka haradali, akasema ndiyo, na haradali ile ikampanda puani akalia kimya kimya. Saladi ikaja baada ya kuku, kama sura ya nne ilivyotabiri, akasema ndiyo. Kisha likaja jibini ambalo Mami alisafiri nalo kutoka Lyon likiwa limefungwa mara tatu. Lilinuka kama soksi za mlinzi aliyesimama zamu mbili.

"Kidogo?" Mami akauliza.

"Ndiyo," Everlyn akasema, akimwomba Mungu. Akalikata kwa pembeni, bila kuligusa ncha, kama mtu mwenye malezi. Mami akamwangalia binti yake kwa mshangao, akasema neno la Kifaransa ambalo lilikuwa wazi ni la sifa. Jibini lenyewe, ajabu, lilikuwa tamu.

Everlyn akaona kama si sasa, basi tena. Kesho ni Jumapili.

"Madam," akasema. "Jumatano uliniuliza kuhusu Ufaransa. Nilisema hapana. Lakini nilikuwa nataka. Nataka sana."

Madam akaweka uma chini. "Sasa kwa nini ulisema hapana?"

"Ili uniulize tena."

Everlyn, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, akamweleza yote: chai, umeshiba, usihangaike, maringo, vikombe vitatu. Madam akamtafsiria mama yake. Mami akauliza kitu.

"Anauliza, mara ngapi?"

"Kwetu tatu zinatosha."

Mami akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba amesikia habari za nchi isiyo na mkate. Lakini madam hakucheka. Kuna jambo lilikuwa linamjia polepole, na lilipofika, uso wake ukawa mwekundu.

"Na chakula?" akauliza. "Ile Jumamosi ya kwanza. Ulikuwa umeshiba?"

"Nilikuwa na njaa, madam."

"Miaka miwili! Mimi nilidhani hupendi kukaa nasi."

"Mimi nilidhani hamtaki nikae."

Walitazamana, wanawake wawili waliokuwa wamestahiana mpaka wakakosana, na Everlyn akahisi machozi ambayo safari hii hayakuwa ya haradali. Madam akapitisha mkono juu ya meza, akamshika kidole gumba, pengine kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Kisha akafuta mdomo kwa kitambaa, akakaa wima. "Haya. Tufanye kama kwenu. Everlyn, utakuja nasi Ufaransa?"

Ndiyo ilikuwa tayari mdomoni, imefunzwa kwa vikombe vitatu vya chai na chapati mbili. Lakini mwenyeji amekuja mpaka mlangoni pa mila yako, utamkatishaje? Ingekuwa utovu wa adabu.

"Hapana, madam," Everlyn akasema kwa utulivu. "Nitawaongezea mzigo."

"Mzigo gani! Njoo twende."

"Aa-aa, nyinyi nendeni tu salama. Mimi nitalinda nyumba." Hiyo ilikuwa ya pili. Akainamisha macho, akatabasamu kidogo, akangoja.

Madam akafungua mdomo. Hapo hapo Mami akaomba mkate. Madam akamkatia, Ines akamwaga maji, madam akafuta, na katika kufuta akakumbuka habari ya jirani fulani wa Lyon aliyeuza nyumba yake. Akaanza kumweleza mama yake kwa Kifaransa, na habari ilionekana kuwa ndefu. Mami akaingiza maswali. Jibini likazunguka tena.

Everlyn alingoja, mikono juu ya meza. Alimwona yule mwanafunzi wa Lyon akipokea simu Jumapili. Aliuona mkate mrefu ukitoka dukani, na ncha yake ikiingia kinywani mwa mtu mwingine. Akamkumbuka mama yake, akamwomba radhi, akamgusa madam begani.

"Madam," akasema, "bado moja."