Bipu Moja au Mbili

Mwaka 2002, mtu wa Gitega akikwambia simu yake inashika kila mahali, jua huyo hajatoka sokoni. Amisa, mshona nguo wa mtaa wa Musinzira, alikuwa amechoshwa na laini yake. Chumbani rezo, yaani mtandao, hakuna, jikoni hakuna. Ili aipate ilibidi asimame kando ya choo, mkono juu, majirani wakimcheka.

Na wiki ile simu haikuwa mchezo. Mumewe Sefu alikuwa ametangulia Muyinga kutafuta nyumba, maana huku milio ya bunduki ilizidi kusogea. Walielewana hivi: Jumatano asubuhi, Sefu akishaulizia hali ya barabara, atabipu, yaani atapiga na kukata. Bipu moja, njia ni salama, Amisa apande gari la saa nne na watoto watatu. Bipu mbili, wasitoke. Kuongea kulikuwa ghali, kubipu bure.

Sasa Rozmin, jirani mwenye duka la vitambaa, naye akamtia maneno: ahame kampuni, ile mpya inashika mpaka Buhinyuza. Shemeji yake Rozmin akasema Buhinyuza sawa, ila Muyinga mjini hakuna kitu. Dereva mmoja akaapa inashika Kobero mpakani tu, tena rezo yenyewe ni ya Tanzania. Amisa kichwa kikamzunguka. Mwisho Rozmin akamwazima laini yake.

"Mama Raissa, jaribu mwenyewe. Watu unawasikiliza wa nini?"

Na siku ya kujaribu akachagua ipi? Jumatano hiyohiyo, eti amalize jambo kabla ya kusafiri. Jamani, Amisa! Akatoa laini yake, akatia ya Rozmin, akazunguka nyumba nzima akihesabu vijiti vya rezo. Chumbani viwili. Jikoni vitatu. Kando ya choo, hata kimoja. Alifurahi, akasema basi atahama. Palepale kando ya choo akarudisha laini yake, na simu haijakaa mkononi vizuri ikalia mara moja, ikanyamaza. Ilikuwa namba ya Sefu.

Akangoja. Hakuna nyingine. Hii ni bipu moja, au ni ya pili, na ya kwanza imepotea wakati laini imetolewa? Akampigia Sefu; mwanamke akamwambia kwa Kifaransa kwamba hapatikani. Akapiga tena, mwanamke yuleyule. Nje dereva akapiga honi. Watoto walishavaa viatu. Amisa akabeba mzigo mpaka mlangoni, akaurudisha ndani, akaubeba tena. Dereva akauliza anaenda au haendi. Amisa akasema hajui, na kweli hakujua. Gari likaondoka. Akakaa juu ya mzigo akijilaumu, maana gari lingine ni mpaka wiki ijayo, na pengine ametupa bahati ya wanawe kwa kuchezea laini.

Saa kumi, Amisa akiwa tena kando ya choo, Sefu akapiga, simu yenyewe, si bipu. Hakusalimu. Akauliza yuko na nani hapo. Amisa, bila kuelewa, akamtajia: Raissa, Uthmani, Pili. Akaambiwa awataje tena. Akawataja. Ndipo Sefu akamwambia kwamba gari la saa nne limevamiwa njiani, na hakuna aliyefika.

Amisa akauliza.

"Baba Raissa, asubuhi ulibipu moja ao mbili?"

Sefu alikuwa analia.

"Moja," akasema. "Mi niliambiwa njia iko nzuri. Nilibipu moja."